Orhan Ahamia Kasulu

Kasulu, 6 Machi 2024

Mwalimu Kezia,

Usishtuke kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu unayechati naye kila siku. Muswada huu ni mzito, na kundi letu la WhatsApp nalo lina masikio. Nikisema neno humo, kabla chai haijachemka limeshafika Buhigwe. Kwa hiyo nimempa bahasha kondakta wa basi la asubuhi, na wewe unijibu kwa mkono wake.

Unajua king'amuzi kilivyotukatia tamthilia ya "Roshani ya Nesrin" katikati, tukabaki na Orhan gerezani na Nesrin kapoteza kumbukumbu. Mimi ndiye niliyewaendelezea humo kundini, sehemu baada ya sehemu, mpaka watu wakasahau kama ile ya Waturuki wenyewe ilikatwa njiani. Sasa kaa chini. Bwana Ridhiwani, mchapishaji wa Mwanza, amezisoma! Shangazi yake yumo kundini. Anataka kitabu. Ila amesema Orhan na Nesrin wana wenyewe, sina ruhusa ya kuuza watu wa watu. Nitafute wahusika wangu na mahali pangu, nimpelekee mwisho wa Mei. Mwalimu, tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikipima vitenge vya mama yangu na kuandika nyuma ya karatasi za risiti. Nafasi kama hii sitaipata tena.

Na nimeshamaliza. Ilichukua mchana mmoja tu. Nilikaa na Firdausi, mchapaji wa steshenari ya jirani, nikamwambia kila penye Orhan Karabuluoglu aweke Khatibu, penye Nesrin aweke Safina, penye Istanbul aweke Kasulu. Kompyuta ikafanya yenyewe. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, na kundini ndiwe pekee unayesahihisha bila kutukana. Pitia, uniambie ukweli.

Wako,
Faudhia Mansuri
Duka la Vitenge la Bi Mwajabu


Kibondo, 13 Machi 2024

Mpendwa Faudhia,

Hongera, tena hongera. Nimefurahi mpaka nikamkumbatia mwalimu mwenzangu wa Hesabu, mtu ambaye hatusalimiani.

Uliniomba ukweli. Katika ukurasa wa kwanza Khatibu amesimama kwenye roshani ya kasri lake hapo Murubona, theluji inamwangukia mabegani, anatazama meli zikipita. Faudhia, mimi nimefika Murubona. Meli hizo zinapita wapi? Theluji nayo inaanguka kwenye migomba ya nani?

Halafu makofi. Safina anapigwa kofi na mkwewe, anamrudishia, Khatibu anampiga kofi shemeji yake, muziki unalia, wote wanakwenda kulala. Kwetu mtu akipigwa kofi mbele ya watu, kesho yake kuna kikao, mjumbe wa mtaa anaitwa, wajomba wanatoka mpaka Makere, na mpigaji anatafutiwa mbuzi wa kuombea radhi. Hadithi nzima iko humo kwenye kikao, na wewe umeiruka. Watu wako bado ni Waturuki waliovaa kanzu.

Neno la mwisho. Ukurasa wa arobaini na moja, yule mtunza bustani, sijaelewa utani wake uko wapi. Nifafanulie.

Mwl. Kezia


Kasulu, 19 Machi 2024

Mwalimu wangu,

Nakuandika nikiwa na saumu, kwa hiyo ukiona hasira ujue ni kiu. Theluji nimeifuta. Meli nimezifanya malori ya mahindi. Kasri nimelifanya nyumba ya bati jekundu yenye tiles, na roshani nimeibakiza kwa sababu yuko mzee mmoja hapa Kasulu anayo, ingawa anaanikia dagaa. Hilo la kikao limenifumbua macho.

Ila la mtunza bustani umenishangaza. Kweli hujacheka? Yule kwenye tamthilia alikuwa bubu wa kuanguka anguka tu. Wangu nimemfanya Mrundi, wale wa Kiswahili cha kuchechemea, anayeogopa simu ikilia na kuficha ugali mfukoni. Unawajua. Jina lake, Nduwayezu, nimelitoa kwenye gunia la maharage la mteja mmoja wa Mama anayekuja kutoka huko huko kwenu, na nikalichagua kwa sababu ni refu, msomaji akifika mwisho kashasahau mwanzo. Niliusoma ukurasa huo hapa dukani kabla ya futari, wateja wakashika mbavu. Mama akasema jina lenyewe tu linamvunja meno.

Au nikuongezee pale anapokimbizwa na bata?

Wako katika njaa,
Faudhia


Kibondo, 23 Machi 2024

Faudhia,

Usiongeze bata.

Gunia hilo ni la baba yangu.

Kezia Fidele Nduwayezu


Kasulu, 27 Machi 2024

Kezia,

Barua yako niliisomea dukani nikiwa nimesimama. Ikabidi nikae. Nilikaa juu ya mita ya kupimia vitenge ikavunjika, na Mama akaniuliza nani kafa, nikamwambia ni mimi.

Nimeona aibu. Sina namna nyingine ya kusema. Miaka miwili nakuita shoga yangu na sikuwahi kukuuliza jina la tatu, na mzee Fidele namjua kwa uso, namtengea kiti akija, hata siku moja hakuniambia ana binti mwalimu. Sikutaka kumtukana yeye. Sikuwa nimemfikiria yeye kabisa, na nadhani hapo ndipo kosa lilipo.

Ukurasa huo nimeuchana. Nakutakia Pasaka njema wewe na nyumba nzima. Usiponijibu nitaelewa, ila nitaumwa.

Faudhia


Kasulu, 14 Aprili 2024

Kezia,

Hujajibu. Idi imepita, biriani sikuila vizuri. Kundini umekaa kimya, na watu wanadhani simu yako imeibiwa.

Nimefanya kazi. Nimemwandika Nduwayezu upya kwa heshima zote. Sasa ni mkulima mwema, hakasiriki, hadai, anasamehe hata wanaomwibia kuku. Anaamka kuwaombea majirani. Sura ya kumi, Safina anapotumbukia kwenye Mto Malagarasi, yeye ndiye anayejitosa, anamsukuma Safina ukingoni, kisha maji yanamchukua huku akitabasamu. Nimelia nikiandika. Firdausi amelia akichapa mpaka kibodi ikaingia maji. Nakutumia sura hiyo. Nina imani utafurahi.

Faudhia


Kibondo, 19 Aprili 2024

Faudhia,

UMEMUUA!

Nilikuwa nimeapa kunyamaza mpaka Juni, lakini hili limenishinda. Kwanza alikuwa kichekesho, sasa ni marehemu. Kwani kwenye hadithi zenu hakuna sehemu ya katikati tukakaa? Na anatabasamu! Nani anazama Malagarasi huku anatabasamu? Mto ule una mamba.

Nilikasirika sana, nakuambia wazi. Nilikaa na sentensi ile ya kusahau mwanzo wa jina wiki nzima, nikiandika ubaoni naiona. Babu yangu alivuka kuja huku mwaka wa sabini na mbili, baba amelima hapa tangu mtoto, mimi nimezaliwa hapa, kitambulisho ninacho, nafundisha watoto wenu ngeli za majina. Kisha nikasoma sura ya kumi nikacheka peke yangu kwa hasira, na hasira ikaisha. Sijui kwa nini. Pengine ni lile tabasamu.

Sikia ninachotaka. Nataka Nduwayezu awe mtu. Awe mchoyo wa chumvi, kwa sababu nawajua wachoyo wa chumvi. Aseme uongo mdogo mdogo. Awe na wivu, aimbe vibaya kanisani na asiambilike. Achekeshe kwa sababu ya tabia yake, wala si kwa sababu ya alikotoka babu yake. Na asife.

Nimekuandikia sura mbili kuonyesha ninavyomaanisha. Humo nimemgusa kidogo na mama yake Safina, mwenye duka. Nadhani nimempatia.

Kezia


Kasulu, 26 Aprili 2024

Kezia mpenzi, ambaye yuko hai na simu yake haijaibiwa,

Nduwayezu wako nimempenda. Pale anapomwambia Safina ana shamba kubwa, kisha anamzungusha njia ndefu ili lionekane kubwa, nilicheka mpaka nikakohoa.

Sasa tuje kwa mama mwenye duka. Ananukia udi toka sura ya kwanza mpaka ya pili. Anakula halua asubuhi. Kila akifungua kinywa anasema "yarabi", anaegemea mto wa hariri, anaota bahari. Kezia! Bi Mwajabu amezaliwa hapa hapa Kasulu, baharini hajawahi kufika, halua ilimpa kiungulia mara moja akaapa kutoila tena. Asubuhi anakula viazi vitamu na maharage, tena ya baba yako. Akikasirika haitaji Mola tu, anatukana kwa Kiha safi mpaka wateja wa Munanila wanainamisha vichwa. Umemtoa wapi huyu bibi wa halua?

Nimeona tunafanana, mimi na wewe. Kwa hiyo natoa shauri. Wewe usengenye kwenu, mimi nisengenye kwetu, kisha tubadilishane karatasi tukatiane yaliyozidi.

Lingine. Khatibu ananiboa. Nimemtoa uturuki, hakubaki na kitu ila koti. Kila akikutana na Nduwayezu kwenye ukurasa, Nduwayezu anamfunika. Nataka kumwondoa Khatibu, Nduwayezu awe ndiye mpenzi wa Safina, na kitabu kiishie kwenye kikao cha posa, Waislamu huku, Wakristo kule, wanabishana na hakuna anayetaka kuondoka kwa sababu chakula hakijaletwa. Tatizo ni Mama. Anasema mume wa hadithi mwenye jina hilo hatalimeza, msomaji hataweza hata kulitamka.

Faudhia


Kibondo, 1 Mei 2024

Faudhia,

Muulize Mama yako jina la ukoo la Orhan.

Kezia


Kasulu, 4 Mei 2024

Kezia,

Nimemuuliza. Akajibu "Karabuluoglu" bila kuinua macho kwenye kitambaa, akaongeza na jina la babu yake Orhan, la kijiji, na la farasi.

Kisha akakunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. Mwishowe akasema, "Haya, nisomee huyo wa magunia tuone."

Faudhia


Mwanza, 17 Juni 2024

Kwa Bi Faudhia Mansuri,

Kasulu.

YAH: MUSWADA WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeupokea muswada wako na kuusoma kwa mkupuo mmoja. Una kipaji na niko tayari kuuchapisha, iwapo utazingatia marekebisho machache yafuatayo kwa faida ya soko.

Kwanza, mhusika mkuu ana jina gumu. Napendekeza awe Dokta Brayani, daktari kijana kutoka Dar es Salaam. Nduwayezu anaweza kubaki kama mgonjwa wake. Aidha, kwa kuwa Nduwayezu ana asili ya ukimbizi, si heshima kumfanya achekeshe. Vichekesho vyake viondolewe, na badala yake ziongezwe sura za kambini, hema likivuja, machozi yakitiririka. Wasomaji wanapenda kusikitika.

Naomba jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi itapewa muswada mwingine.

Wako katika ujenzi wa fasihi,
Ridhiwani


Kasulu, 20 Juni 2024

Kezia,

Barua ya Mwanza hiyo ndani. Isome ukiwa umekaa.

Sijalala vizuri. Nduwayezu hajawahi kulala kwenye hema hata kwenye rasimu. Shida zake kubwa ni wivu na palizi. Sasa nimpeleke kambini ili watu wamsikitikie, na huyu Brayani aje kutoka wapi kumtibu ugonjwa gani? Lakini Kezia, nakitaka kitabu hiki. Nakitaka vibaya. Jana nilichukua kalamu nikaandika "Brayani" juu ya ukurasa wa kwanza, kuona tu linavyokaa. Nimelifuta, ila nililiandika, na sikutaka usilijue.

Nusu ya kitabu hiki ni yako. Niambie nifanye nini.

Faudhia


Kibondo, 23 Juni 2024

Faudhia,

Kubali.

Umengoja miaka mingi nyuma ya risiti. Mimi nitaendelea kufundisha, Nduwayezu ataugua, Brayani atamtibu, maisha yatakwenda. Sisi tumezoea kusikitikiwa, si kitu kigeni. Ikikusaidia, hema naweza kukuelezea, babu alinisimulia.

Nisingependa uikose nafasi kwa ajili ya jina.

Kezia

Ukimpa ugonjwa, usimpe wa tumbo. Watasema tena ni ugali wa mfukoni.


Kasulu, 30 Juni 2024

Kezia, Kezia, Kezia,

Barua yako ilinitoa machozi kuliko sura ya kumi. "Tumezoea" hiyo haijanitoka mpaka leo. Basi nikaamua kumpigia Bwana Ridhiwani nimwambie hapana. Nilipiga hapa dukani, na kwa haraka nikabonyeza spika bila kutaka. Wateja wakaacha kuchagua vitenge.

Nikaanza kwa heshima: "Shikamoo Bwana Ridhiwani, kuhusu yale marekebisho..." Akadakia, "Ya Dokta Brayani?" Na hapo ndipo Mama aliponipokonya simu.

"Hujambo baba," akasema. "Mimi mama yake. Huyo Brayani ni mtoto wa nani?"

Akaelezwa soko. Mama akasikiliza, kisha akasema, "Sikia mwanangu. Mimi Nduwayezu namjua. Mchoyo wa chumvi, mwongo, na kule kuimba kwake Mungu amsamehe. Lakini yule binti alipougua homa, nani alimpikia uji kila siku akaukataa, akaupika tena? Ni huyo Brayani? Wiki tatu nzima namlilia Nduwayezu asije akakata tamaa, leo unaniletea mgeni kutoka Dar aje kuoa! Nduwayezu kakukosea nini?"

Wateja wakaitikia, "Kakukosea nini?" Bi Winifrida wa Makere, ambaye alikuja kununua doti moja tu, akasema kwa sauti kwamba kama ni Brayani yeye hanunui kitabu, na kwaya nzima hainunui.

Kisha Bwana Ridhiwani akauliza taratibu, "Mama, hilo jina halikusumbui kulitamka?"

Mama akashangaa kweli kweli. Akasema, "Kwani lina nini?"

Nduwayezu anabaki, Kezia. Na jina lake, na shamba lake, na vichekesho vyake vyote. Bwana Ridhiwani ameomba angalau sura moja ya machozi asije akaaibika kwa wakubwa zake, nami nimempa: Nduwayezu analia kwa uchungu kwa sababu mbuzi wa mahari amekula barua ya posa kabla haijapelekwa. Na nimemwambia jalada litakuwa na majina mawili. Usinibishie. Andika lako lote kwenye karatasi uniletee, nisije nikakosea herufi.

Faudhia


Kibondo, 22 Februari 2025

Shoga yangu,

Kitabu kimefika, na nimekishika mpaka jalada likaanza kupauka. Shuleni kinagombaniwa. Mwalimu wa Hesabu amekikalia siku ya tatu sasa, naye ameanza kunisalimia.

Lakini nyumbani kuna matatizo. Baba amekisoma.

Ameudhika, Faudhia. Ameudhika sana. Anasema mtu mwenye jina la ukoo wetu anawezaje kupalilia maharage mara moja tu, watu watatuonaje? Anasema kumzungusha mwanamke shambani ni utapeli, kwetu hakuna matapeli. Na chumvi! "Nani amemwambia huyu mwenzako wa Kasulu habari za chumvi?" Mama akatoka nje kucheka. Mimi nikasema ni mambo ya kubuni tu, baba, huku jasho linanitoka, maana ile sura niliiandika mimi nikiwa nimekaa meza moja naye.

Basi amekifunga kwenye mfuko wa nailoni, na kila jioni anatoka nacho kwenda kulalamika. Anaanza kwa jirani wa kushoto. "Njoo usikie tulivyotukanwa." Ila huwezi kuelewa tusi bila kujua lilipoanzia, kwa hiyo anawasomea toka ukurasa wa kwanza. Juzi nilimfuata, nikasimama nyuma ya nyumba nikamsikiliza. Akilifikia jina anapunguza mwendo, analisoma lote, kisha anatua kidogo na kuwaangalia usoni, kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Wanamwambia, "Endelea, mzee." Naye anakohoa, anaendelea. Nilirudi ndani nikalia, na sikutaka anione.

Majirani wote wamekwisha kusomewa malalamiko yake. Wa ng'ambo ya kijito wameshasikia mpaka kikao cha posa, na wanadai arudie. Jumatano amelalamika kanisani baada ya mazoezi ya kwaya. Jana asubuhi akavaa koti, akachukua mfuko wake, akapanda gari kwenda kulalamika Kakonko.

Kakonko hatuna hata ndugu mmoja.

Wako,
Kezia Fidele Nduwayezu